Mateka ni Amana

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Bunda, na safari yake aghalabu haikamiliki asipofika Butiama, alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, huko Dowa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, alizaliwa Thomas Kirby-Green, mtoto wa afisa wa utawala wa kikoloni. Wawili hawa hawakujuana. Linalowakutanisha ni swali moja: aliyekwisha kunyang'anywa silaha ana haki gani kwa yule aliyemshika?

Kirby-Green alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Mwezi Oktoba 1941 ndege yake ilitunguliwa katika safari ya kuushambulia mji wa Duisburg. Wenzake wote wakafa; yeye akawa mateka katika kambi ya Sagan. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, mateka 76 walitoroka kwa njia waliyoichimba chini ya ardhi. Watatu tu ndio waliosalimika. Kati ya 73 waliokamatwa, 50 waliuawa kwa amri ya Hitler.

Kirby-Green alishikwa Hodonín pamoja na Mkanada Gordon Kidder. Tarehe 29 Machi walishushwa garini kando ya barabara, wakapigwa risasi, kisha ikaandikwa kwamba walijaribu kukimbia. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, uliotiwa sahihi na Ujerumani yenyewe, ulikuwa umeharamisha kitendo hicho. Erich Zacharias, mmoja wa wauaji, alinyongwa mwaka 1948.

Wakati huo kijana wa Butiama, aliyeanzia masomo Mwisenge mjini Musoma, alikuwa mwanafunzi wa Makerere. Baadaye, mwaka 1969, alichapisha *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, ambamo mdai ashikilia kukata ratili ya nyama ya mdeni wake, naye aombwa awe na huruma. Miaka kumi haikupita ila mtihani ule ukamfikia yeye mwenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwaka 1978. Libya ikaja kumsaidia Amin, na ndege yake ikaangusha mabomu Mwanza, yakaua wanyama katika kisiwa cha Saanane. Vitani damu ilimwagika nyingi, na wa kutaka kisasi hakukosa sababu. Hata hivyo, Walibya waliowekwa kizuizini Tanzania waliachiwa, wakarudi kwao.

Majivu ya Kirby-Green yamezikwa Poznań, nchini Poland, mbali sana na Dowa. Anayezuru kaburi la Mwalimu pale Butiama, akamkumbuka na rubani huyu, hatakuwa amepotea njia.