Mwani kama mbolea: msaada kwa miche, si badala ya samadi

Ruhwa, kwenye mpaka wa Rwanda na Burundi katika Wilaya ya Rusizi, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mkulima wa bara anaweza kukutana na mazao ya bahari dukani: chupa ya maji ya kahawia au pakiti ya unga, iliyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa mwani na kwamba hustawisha mimea. Kwa mwenye fedha za msimu mmoja tu, ni muhimu kujua mwani hufanya nini shambani, na nini haufanyi.

Mwani ni nini?

Mwani ni jamii ya viumbe vya majini vinavyofanana na mimea. Hauna mizizi ya kweli. Hufyonza virutubisho kutoka katika maji ya bahari kwa mwili wake wote. Kwa sababu hiyo hukusanya potasiamu kwa wingi, pamoja na kalisi, magnesiamu na madini ambayo mmea huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, kama vile chuma, zinki na boroni.

Matumizi yake katika kilimo ni ya kale. Wakulima wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, walitandaza mwani na mchanga juu ya miamba mitupu, mwaka baada ya mwaka, hata wakapata udongo wa kupanda viazi.

Katika Afrika Mashariki, kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Sehemu kubwa ya mwani huo hukaushwa na kuuzwa nje ya nchi, ambako hutolewa karajini, kitu kinachotumiwa kuongeza uzito wa vyakula, dawa za meno na vipodozi. Nchini India, watafiti wa mjini Bhavnagar walionyesha kwamba mwani wa aina inayolimwa pia Zanzibar ukikamuliwa ungali mbichi, maji yake hufaa kunyunyiziwa mazao, na makapi yake bado hutoa karajini.

Faida kwa miche na vipandikizi

Mbali na madini, mwani una vitu vinavyofanya kazi kama homoni za mimea. Oksini huchochea kuota kwa mizizi. Saitokinini huchochea machipukizi. Hapo ndipo ulipo msaada wake mkubwa: kwa mche uliotoka kitaluni, kwa marando ya viazi vitamu, na kwa kipande cha shina ambacho bado hakijashika mizizi.

Namna ya kuutumia ni rahisi. Dawa ya chupa huchanganywa na maji mengi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yenyewe. Ncha ya chini ya kipandikizi hutumbukizwa humo kwa muda mfupi kabla ya kupandwa, au mchanganyiko humwagiliwa kitaluni asubuhi au jioni, jua likiwa halijawa kali. Kuzidisha kipimo hakuharakishi ukuaji. Homoni zikizidi huweza kuzuia mizizi badala ya kuiotesha. Anayepata mwani mbichi au mkavu kutoka pwani hana budi kuuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi ikirundikana huharibu udongo.

Mipaka yake

Mwani uliozimuliwa kwa maji una naitrojeni na fosforasi kidogo sana. Mpunga wa bonde la Bugarama, au mahindi ya mlimani, hauwezi kushibishwa kwa chupa hiyo. Samadi, mboji na mbolea za viwandani hubaki kuwa chakula cha mazao. Mwani ni kichocheo tu. Mkulima anayeacha mbolea yake ya kawaida ili anunue mwani huenda akaona majani ya kijani mwanzoni, kisha akavuna kidogo.

Vilevile mwani hauponyi ugonjwa uliomo ndani ya kipandikizi. Shina la mhogo lenye batobato au michirizi ya kahawia, ugonjwa uitwao kabore kwa Kinyarwanda, litazaa shina lenye ugonjwa hata likilowekwa mara ngapi. Kuchagua mbegu safi hutangulia kila kitu.

Mbadala wa bara

Palipo mbali na bahari, baadhi ya faida hizo hupatikana karibu. Majivu ya kuni na maganda ya ndizi yana potasiamu. Azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji, huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameutumia kwa karne nyingi.

Gugu maji, linalojulikana nchini Rwanda hasa katika Mto Akagera, nalo hufaa kutengenezea mboji. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na mbegu zake huishi miaka mingi. Lisibebwe likiwa hai kutoka mto mmoja hadi mwingine, wala kuachwa karibu na mifereji ya mpunga, maana likiota humo huziba maji ya wote.

Kwa anayetaka kuujaribu mwani, njia ya gharama ndogo ni kupanda mistari miwili ya vipandikizi vya aina moja, siku moja, kwa mbolea ileile, na kutia mwani kwenye mmoja tu. Baada ya wiki chache atahesabu vilivyoshika katika kila mstari, ndipo aamue kama inafaa kununua chupa ya pili.