Mama wa Mateso: Ibada Iliyokua Katika Nyakati za Vita

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, siku moja baada ya Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Kanisa Katoliki humkumbuka Bikira Maria Mama wa Mateso. Siku hiyo haina shamrashamra za Krismasi wala za Pasaka, na pengine muumini mwenye shughuli nyingi huipita bila ya kuitambua. Lakini ibada yenyewe haingoji siku moja ya mwaka. Imo katika Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa ya Kwaresima, imo katika rozari zinazosaliwa majumbani, na imo midomoni mwa akina mama wanaokesha msibani. Atakayeichunguza historia yake ataona jambo moja likijirudia karne baada ya karne: ibada hii ilistawi aghalabu mahali palipomwagika damu, na walioishika kwa nguvu zaidi ni watu waliokuwa na wafu wao wenyewe wa kuwalilia.

Shina lake limo katika Injili. Luka asimulia jinsi mzee Simeoni, akiwa amempakata mtoto Yesu hekaluni, alivyomtabiria mama yake kuwa upanga utaipenya nafsi yake. Kutoka katika utabiri huo, ulio huzuni ya kwanza, Wakristo wa karne za kati walizihesabu huzuni zilizofuata: kukimbilia Misri usiku kwa hofu ya Herode, kumtafuta Mwana aliyepotea Yerusalemu siku tatu, kukutana naye njiani akiwa amebeba msalaba, kusimama chini ya msalaba huo akimwona akifa, kuupokea mwili wake uliposhushwa, na mwisho kumzika. Baadhi ya hayo yameandikwa waziwazi katika Injili, na baadhi, kama vile kukutana njiani, yamehifadhiwa na mapokeo tu. Lakini yote ni mambo ambayo mama wa nchi yoyote huyafahamu bila ya mwalimu.

Katika karne ya 13 mji wa Florence, Italia, ulikuwa umepasuliwa na fitina na visasi vya koo kubwa. Mapokeo yanasema kuwa mwaka 1233 wafanyabiashara saba wa mji huo waliziacha mali zao, kisha wakapanda mlima wa Monte Senario kuishi kwa sala na toba. Kwao likatoka shirika la Watumishi wa Maria, ambao vazi lao jeusi lilikuja kueleweka kuwa ni vazi la maombolezo pamoja na Mama wa Yesu, na ambao kwa karne nyingi wamekuwa wahubiri wakuu wa mateso yake.

Mwaka 1423 sinodi ya jimbo la Cologne, Ujerumani, iliweka sikukuu ya huzuni za Maria, wakati vita vya wafuasi wa Jan Hus huko Bohemia vilipokuwa vikiendelea na sanamu za Msalaba na za Bikira zilikuwa zikivunjwa. Miaka sitini hivi baadaye, katika nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji, kifo cha mtawala wao, Mary wa Burgundy, mwaka 1482, kilifungua mlango wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo ndimo kasisi Jan van Coudenberghe alimoanza kuweka sanamu za Maria katika makanisa yake na kuwakusanya waumini katika chama cha sala cha Mateso Saba. Kabla ya wakati huo hesabu ya huzuni ilihitilafiana, wengine wakitaja tano na wengine kumi na tano. Chama hiki kilisaidia sana kuifanya saba ikubalike kwa wote. Hakikutoza ada ya kujiunga, na kwa hiyo maskini na tajiri waliandikwa katika daftari moja.

Hata kuenea kwa sikukuu hiyo duniani kote kuna historia ya mateso. Mwaka 1809 askari wa Napoleon walimtoa Papa Pius VII Roma kwa nguvu, akawekwa kizuizini Savona, na baadaye Fontainebleau, Ufaransa. Aliporejea mjini mwake mwaka 1814, mwaka huohuo aliamuru sikukuu ya Mateso ya Maria iadhimishwe na Kanisa zima. Tarehe tuijuayo sasa iliwekwa na Papa Pius X mwaka 1913.

Sala yenyewe ni nyepesi kujifunza. Rozari ya Mateso Saba ina mafungu saba, na katika kila fungu husaliwa Baba Yetu mara moja na Salamu Maria mara saba, huku mwenye kusali akilitafakari teso moja. Mtu mwenye majonzi mara nyingi hukosa la kusema mbele ya Mungu. Sala hii humpa maneno anayoyajua tangu utoto, na humpa mpango wa kupita katika huzuni hatua kwa hatua pasipo kuzama ndani yake.

Karibu nasi, ibada hii ilipata makao mapya Kibeho, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa shule ya wasichana ya huko, alisema amemwona mwanamke aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Marie Claire Mukangango, mmoja wa waliomkejeli, naye alisema Machi 1982 kuwa amemwona, na kwamba amepewa kazi ya kuieneza Rozari ya Mateso Saba. Agosti mwaka huo wasichana hao walieleza kuwa wameonyeshwa mito ya damu na watu wakiuana. Miaka kumi na miwili haikutimia kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambamo watu waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo humo. Na mwaka 1995 Marie Claire naye aliuawa.

Tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kuwa matokeo ya Kibeho ni ya kusadikika, na mahali hapo pakaitwa Patakatifu pa Mama wa Mateso. Kanisa halimlazimishi muumini yeyote kuyasadiki matokeo ya namna hiyo, lakini mahujaji hufika kutoka nchi zote jirani, miongoni mwao wajane na yatima wa vita vyetu wenyewe.

Ibada hii haikuzuia vita vya Florence wala vya Rwanda, na haidai hivyo. Imani yake ni kuwa Maria hakuukimbia msalaba alipokuwa hana uwezo wa kuuondoa, na kwamba kusimama kwake pale kulikuwa na thamani mbele ya Mungu. Basi anayesali mafungu saba Ijumaa, kisha akaikwepa nyumba ya jirani aliyefiwa kwa kuwa hana la kumpa, bado hajaifahamu sala yake. Maana Mama huyu naye hakuwa na la kutoa Kalvari isipokuwa kuwapo kwake, na kuwapo huko ndiko Kanisa linakokuheshimu hadi leo.