Upepo wa Kunyausha Chai Kericho na Bomet

Jani la chai likitoka shambani huwa na maji yapatayo robo tatu ya uzito wake au zaidi. Likisagwa likiwa hivyo hupondeka vibaya na kuvuja utomvu, kwa hiyo kabla ya mashine yoyote huja kazi ya kulinyausha. Huko Kericho, Kenya, kazi hiyo haikuwa rahisi tangu mwanzo. Miinuko hii iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hupata mvua mchana karibu mwaka mzima, na mvua inayostawisha mchai ndiyo hiyo hiyo inayozuia jani kukauka.

Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanzisha mashamba makubwa hapa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa na serikali ya kikoloni, yalikuja na mtindo wa viwanda vya Asia: jengo refu la ghorofa lenye madirisha mengi. Ghorofa za juu zilijaa rafu za magunia yaliyowambwa, na majani yakatandazwa juu yake kwa wembamba. Upepo wa nje ndio uliofanya kazi. Siku ya jua mambo yalikwenda. Siku ya mvua madirisha yalifungwa, na feni zikavuta hewa ya moto kutoka chumba cha kukaushia kuipandisha darini. Feni wakati huo ilikuwa msaidizi tu. Rafu zilikula nafasi kubwa na mikono mingi, kwani kila jani lilipandishwa, likatandazwa, kisha likakusanywa tena.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vilipoenea vitanda vya kunyaushia: sanduku refu lenye wavu juu na feni kubwa mwishoni. Hewa husukumwa chini ya wavu, ikapenya tabaka la majani lenye unene wa sentimita 20 hadi 30. Kitanda kimoja kikabeba mzigo uliokuwa ukihitaji rafu nyingi, na jengo la ghorofa likapoteza sababu yake.

Hapo ndipo ufundi wa kurekebisha upepo ulipozaliwa. Hewa ikiwa kidogo, majani hupata joto na kuwa mekundu kabla ya wakati wake. Ikizidi, hupasua njia mahali tabaka lilipo jembamba na kuacha penginepo pabichi. Kwa hiyo majani hutandazwa sawasawa na kugeuzwa kwa mkono, na baadhi ya feni hugeuzwa mwelekeo ili tabaka la juu nalo lipate zamu yake. Msimamizi husoma vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji. Tofauti yake ikiwa ndogo mno, hewa imejaa unyevu, na hapo kilango cha hewa ya moto kutoka boila hufunguliwa. Lakini hata penye vipimo, fundi bado hufumbata konzi ya majani: yakishikamana bila kuvunjika, yako tayari.

Kiasi cha kunyausha nacho kilibadilika. Mashine ya CTC (yaani ponda, rarua, viringa), iliyobuniwa Assam mnamo 1930 na kuja kutawala viwanda vya Kenya, hukata na kuviringa jani kwa meno ya rola. Yenyewe hutaka jani lililobaki na maji takriban asilimia 70, laini kuliko lile la mashine za zamani za kusokota.

Wakulima wadogo walifika katika hesabu hii wakiwa na shida yao. Mamlaka ya serikali iliyoundwa 1960, ikarithiwa mwaka 1964 na KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima hao, ilieneza chai hadi maeneo yaliyo leo Bomet, iliyomegwa kutoka Kericho kuwa wilaya mwaka 1992. Viwanda kama Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga hupokea majani ya mashamba madogo mengi kupitia vituo vya kununulia, na lori likikwama kwenye tope majani hufika yameshapata moto. Kwa jani la namna hiyo feni huwashwa kwanza bila joto, ili kulipoza, na kunyausha kwenyewe hufuata usiku. Kunyausha huchukua saa 12 hadi 18, kwa hiyo jani lililochumwa leo kwa kawaida husagwa kesho yake, kuanzia alfajiri.