Aliyehukumiwa ana faili, aliyehamishwa hana

Mwaka 1841, huko Tipperary nchini Ireland, kijana aitwaye John Kelly alitiwa hatiani kwa kuiba nguruwe wawili. Akapewa miaka saba ya uhamishoni, akapakiwa kwenye meli Prince Regent, na mwanzoni mwa 1842 akateremshwa Van Diemen's Land, kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania. Mwanawe, Ned Kelly, ndiye yule jambazi wa porini aliyenyongwa Melbourne Novemba 11, 1880, na ambaye Waaustralia hadi leo wanabishana kama alikuwa mwizi au shujaa. Ned tumwache. Kilichonishika mimi ni wale nguruwe. Inakaribia miaka 200 na bado inajulikana kwamba walikuwa wawili.

Kwa mtu wa Mara, Tanzania, hilo linashangaza. Mkoa wetu umeporwa ng'ombe kwa mamia kwa usiku mmoja, na watu wameondolewa makwao kwa amri ya serikali, lakini uliza leo ni nani aliondolewa, mwaka gani, kwa mifugo ya nani, utaambiwa na wazee kwa mdomo tu. Karatasi huioni.

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha zaidi ya wafungwa 160,000 kwenda Australia. Karibu 40,000 kati yao walipakiwa katika bandari za Ireland yenyewe. Wengi makosa yao yalikuwa ya njaa na umaskini: kondoo, ng'ombe, nguo, chakula. Katika miaka ya baadaye aliyeshuka melini aliandikwa jina, umri, dini, alikozaliwa, kazi anayoijua, kosa lake, urefu, rangi ya macho, kovu la shavuni, michoro ya wino mkononi. Karani hakuwa na mapenzi naye. Alimwandika ili akitoroka atambulike. Daftari hilo la askari ndilo wajukuu wanalolisoma leo kama kitabu cha ukoo.

Tena kuna kejeli kubwa ndani yake. Juni 30, 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua pamoja na hazina ya nyaraka za nchi. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote. Lakini majalada ya wafungwa na barua zao za kuomba msamaha yalikuwa yakitunzwa kwingine, katika ngome ya serikali, yakasalimika. Australia ilipotimiza miaka 200 tangu meli za kwanza, mwaka 1988, Ireland iliipa nakala za majalada hayo kama zawadi. Matokeo yake ni kwamba mjukuu wa mwizi wa kondoo anamjua babu yake kuliko mjukuu wa jirani mwaminifu aliyebaki kijijini akilima viazi vyake.

Mtindo huo wa kumwondoa mtu na kumtupa mbali haukuishia Australia. Waingereza walipokuwa ndio kwanza wanaishika Tanganyika walitunga, mwaka 1921, sheria ya kuhamisha watu, ambayo wanasheria waliizoea kwa namba yake, Sura ya 38. Iliruhusu Gavana, akiridhishwa na maelezo ya kiapo kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani na utulivu, aamuru mtu huyo aondolewe sehemu moja ya nchi na kupelekwa nyingine. Hapakuwa na kesi wala hukumu wala rufaa. Uhuru ulipokuja, mahali pa Gavana akakaa Rais, sheria ikaendelea. Mwaka 1963 kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Victor Mkello, aliyekuwa akisumbua serikali changa kwa migomo, alijikuta Sumbawanga.

Hapo ndipo njia ya Mtanzania na ya Mwairishi zinapoachana. John Kelly alishtakiwa, kwa hiyo kuna hati ya mashtaka, mashahidi, hukumu, orodha ya meli. Mshukiwa wa wizi wa ng'ombe wa Mara aliyehamishwa kwa Sura ya 38 hakushtakiwa kwa lolote. Hakuna jalada la kesi kwa sababu hapakuwa na kesi. Mwizi aliyethibitishwa amewaachia wajukuu wake habari zake. Mshukiwa ambaye huenda hakuiba chochote amefutika.

Watu wa pwani na wa bara la Kenya wanaujua mwambao wetu wa Ziwa Viktoria kwa namna ambayo sisi wenyewe hatuifikirii. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliowaapisha Wagiriama kuukataa utawala wa Kiingereza, walichukuliwa toka pwani wakapelekwa Kisii, mlango wa pili kutoka Tarime. Walitoroka wakarudi kwa miguu, wakikata nchi nzima ya Kenya. Barsirian arap Manyei, kiongozi wa Wanandi, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiwa hadi 1964. Sehemu ya miaka hiyo aliimaliza katika kisiwa cha Mfangano. Mwaka 1934 serikali ya Kenya ilitunga sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo mmoja, Talai wa Kipsigis, watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto wa mgongoni, ikawapeleka Gwassi, kando ya ziwa, nchi ya mbung'o na malaria. Waingereza wa Afrika Mashariki nao walikuwa na Australia yao, na ilikuwa pembe hii tunayoishi sisi.

Talai wana bahati moja chungu. Kwa kuwa walihamishwa kama ukoo, sheria ikiwataja, wanajuana. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madai yao na ya Wakipsigis wenzao. Aliyehamishwa peke yake, toka kijiji cha Mara, hana wa kuandikiana naye.

Natta mambo yana sura nyingine, na lazima isemwe bila kuipamba. Huku, katika ukanda wa magharibi wa Serengeti, watu wamekuwa wakiporwa zaidi kuliko kupora. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki za kivita zilienea mkoani, na wizi wa ng'ombe ambao zamani ulikuwa wa mishale na mikuki ukawa wa risasi. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeandika kitabu kuhusu wezi wa ng'ombe wa Ukuria, alionyesha jinsi ng'ombe wa kuibiwa walivyokuja kuwa bidhaa ya soko, wakivushwa mpaka kwenda Kenya kuuzwa. Watu wa Natta, Ikoma na Ngoreme walibaki na mazizi matupu. Mzee aliyeamka akakuta zizi limefagiwa hakuhitaji kuelezwa habari za haki za mshukiwa. Alitaka mshukiwa aondolewe, kesho asubuhi ikiwezekana. Nami simlaumu.

Ila amri isiyopitia mahakamani haichagui vizuri. Inamwondoa mwizi, na inamwondoa pia yule aliyegombana na mwenyekiti wa kijiji.

Tanzania iliingiza haki za binadamu kwenye Katiba mwaka 1984, lakini serikali ikajipa miaka mitatu ya kujiandaa, hivyo wananchi waliweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988. Moja ya maombi ya mwanzo kabisa lilitoka Mara. Wanafunzi wa sheria wanalijua kama kesi ya Chumchua Marwa dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma, ombi la jinai namba 2 la mwaka 1988, Mahakama Kuu Mwanza. Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba sheria ile ya 1921 inavunja Katiba. Huyu ndiye jaji ambaye mwaka 1994 alitamka hivyohivyo kuhusu adhabu ya kifo, kabla Mahakama ya Rufani haijatengua uamuzi huo mwaka uliofuata. Tume ya Jaji Francis Nyalali, ilipotoa taarifa yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliiweka sheria ya kuhamisha watu katika orodha yake ya sheria 40 zinazokandamiza.

Kwa mtafuta ukoo, uzito wa kesi ile ni wa aina yake pia. Mtu aliyekuwa ameshikwa kwa amri isiyo na kesi aliingia mahakamani, na kwa kufanya hivyo akaingia kwenye karatasi.

Tuseme basi kuna mjukuu wa mtu aliyehamishwa, huko kusini mwa nchi, anajua tu kwamba babu alitoka Mara na aliitwa Chacha Marwa. Maskini. Tarime nzima ina akina Chacha Marwa, Marwa Chacha, Mwita Chacha na Chacha Mwita wa kujaza uwanja wa mpira. Jina peke yake halimfikishi hata daraja la Kirumi. Anachohitaji ni koo: Mnchari, Mwirege, Mtimbaru, Mnyabasi, Mkira, Mkenye, Msweta? Akishapata koo, aulize babu alitahiriwa katika saro gani. Saro, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, ina jina lake, na wazee hupanga miaka kwa hizo kama wengine wanavyoipanga kwa awamu za marais. Hapo atakuwa amepata kitu kinachokaribia tarehe ya kuzaliwa.

Akiwa wa Natta, hesabu huanzia mbali zaidi. Wanatta husimulia kwamba walitokana na Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Mwindaji na mkulima: simulizi hiyo inaeleza maisha ya nchi hii kuliko ramani yoyote, porini upande mmoja, mtama na ulezi upande mwingine. Lakini kati ya hao wawili na babu wa jana kuna pengo, na sehemu ya pengo hilo ilichimbwa na majanga ya mwisho wa karne ya 19. Sotoka iliua ng'ombe na nyati miaka ya 1890 na 1891. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Serengeti mwaka 1892, alikuta Wamasai wa Ngorongoro wamebaki mifupa. Huku magharibi njaa iliwasukuma watu kwenda Usukuma kutafuta nafaka, na wapo waliokwenda na wasirudi. Ndugu waliopotezwa na njaa walitangulia ndugu waliopotezwa na serikali, na wanatafutwa kwa njia ileile.

Tena, katika Mara mti wa ukoo haufuati damu peke yake. Unafuata ng'ombe. Kwa Wakuria mtoto ni wa mwanamume ambaye ng'ombe wake walilipwa mahari. Mume akichukuliwa na askari akakaa mbali miaka kumi, watoto wanaozaliwa nyumbani kwake katika miaka hiyo bado ni wake. Wanaitwa kwa jina lake na wanarithi zizi lake. Zaidi ya hapo kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake kwa mahari ili nyumba yake isife. Watoto ni wa nyumba hiyo. Nani aliyewazaa ni swali ambalo hakuna mwenye adabu atakayekuuliza barazani.

Wajukuu wa wafungwa wa Ireland siku hizi hutema mate kwenye kichupa, wakakituma maabara, na baada ya wiki chache wanaletewa orodha ya binamu. Kichupa hicho kikifika kwetu kitaleta ugomvi. Kinaweza kumwambia mtu kwamba babu yake aliyehamishwa si babu yake, wakati wazee wote wa koo, na ng'ombe waliohesabiwa mbele yao, wanasema ndiye. Mimi nawasikiliza wazee. Aliyefukuzwa akaacha zizi na mke aliendelea kuwa baba bila kuwepo, na hicho ndicho kitu pekee ambacho amri ya Gavana haikuweza kumnyang'anya.

Karatasi nazo zisidharauliwe. Nyaraka za Taifa zina ofisi Dar es Salaam na tawi la Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Wakuu wa wilaya wa Kiingereza waliacha daftari la wilaya ya Musoma, na Hans Cory, mtafiti wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliacha maandishi mengi ambayo yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetafuta asianze na jina la babu. Jina lake huenda halimo. Aanze na waliobaki: kesi ya kurudishiwa mahari katika baraza la mtemi, malalamiko ya ng'ombe, ugomvi wa shamba. Mtu aliyeondolewa huonekana vizuri zaidi katika kesi za wengine.

Na wajukuu wa namna hiyo wanapofika vijiji vya Natta Mbiso au Makundusi, wasishangae wakikuta wazee hawana haraka ya kuwakumbatia. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951, miaka ya 1990 yakaja mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, kisha vijiji vitano vikatenga ardhi yao kwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona. Ardhi ya kulima na kuchungia imebaki kipande. Mjukuu anayetaja koo, saro na nyumba ya bibi yake kwa usahihi hadai historia peke yake, anadai pia mahali pa kujenga. Kwa hiyo wazee watamuuliza maswali mengi, mengine mara mbili, na watataka kusikia ng'ombe wa mahari walikuwa wangapi na nani alishuhudia.