Jinsi Matumbawe Yalivyoingia Sebuleni

Mnyama wa baharini akifungiwa ndani ya kioo, maji yake huharibika kwa njia mbili: oksijeni hupungua, na uchafu anaoutoa huzidi. Njia ya kwanza ilieleweka mapema, bali ya pili ilichelewa sana kufahamika, na ndiyo maana samaki walifugwa majumbani muda mrefu kabla ya matumbawe ya tropiki.

Mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, aliokota matumbawe madogo ya bahari baridi huko Torquay, kusini mwa Uingereza. Aliyashona juu ya sifongo kwa sindano na uzi ili yasigongane njiani. London maji ya bahari yalikuwa adimu, kwa hiyo yaleyale yalimiminwa tena na tena mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa, na aliyebeba kazi hiyo ya kuchosha alikuwa mtumishi wake wa nyumbani, ambaye anastahili nafasi katika historia hii. Mwaka uliofuata Thynne alitia mwani, na matumbawe yakaendelea kuishi.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza sababu: mimea hutoa oksijeni ambayo wanyama huivuta. Mwanaasili Philip Henry Gosse aliieneza elimu hiyo, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na matangi yakawa mtindo katika sebule za wenye uwezo. Lakini maelezo ya Warington yalikuwa nusu ya ukweli. Hayakugusa amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Tena, matumbawe ya Thynne hayahitaji mwanga. Yale yanayojenga miamba ya tropiki hubeba ndani ya miili yao vijimea vidogo mno vinavyoyalisha kwa nguvu za jua, na gizani hufa.

Hatua kubwa ilitoka Jakarta. Mwaka 1961 mfugaji wa samaki Lee Chin Eng alichapisha njia yake: alitoa mawe baharini pamoja na viumbe vyote vilivyoyashikilia, akayaweka tangini, akaongeza viputo vya hewa na jua, basi. Hakutumia kichujio, kwa kuwa mawe yenyewe yalichuja. Bakteria wa juu ya jiwe hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wale wa ndani, mahali pasipo na oksijeni, hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini.

Lilibaki tatizo la chakula cha mifupa. Tumbawe gumu hujijenga kwa kalsiamu kaboneti, na kadiri linavyokua ndivyo kalsiamu ya tangi inavyopungua. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani, alifundisha kurudisha kalsiamu hiyo kwa kudondosha maji ya chokaa. Watu wa Lamu na Kilwa, ambao mababu zao walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, wataona kwamba hapa safari imegeuzwa: chokaa inarudi kuwa tumbawe.

Mwaka 1986 Mholanzi George Smit aliwaonyesha Wamarekani tangi la matumbawe la nyumbani lenye kichujio cha maji yanayotiririka juu ya plastiki, na wengi wakavutiwa. Kilicholeta mafanikio ni nini? Wapo waliosema ni kichujio. Wengine walitaja mawe na taa kali. Mimi nakubaliana na hawa wa pili. Plastiki ile ilizalisha naitreti bila kuiondoa, na wafugaji wengi walioitoa baadaye, wakabaki na mawe pamoja na chombo cha kutoa uchafu kwa povu, waliona matumbawe yakistawi zaidi.

Tangi la leo linafuata mambo hayohayo: chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto la nyuzi 25 au 26, mawe, taa, povu na kalsiamu. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu sasa inasimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na tumbawe lililokuzwa tangini hukatwa vipande ambavyo kila kimoja hukua upya. Kwa hiyo, msomaji unayetaka kuanza, nunua vipande hivyo, na yale ya mwambani yaache baharini.