Kutoka Mizani Hadi Daftari

Wazee wetu walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miaka hii 10 ya Chama chetu tumejifunza na jambo la pili: daftari nalo, likiwa mbali na mizani, laweza kupoteza mali. Twapenda kueleza hapa jinsi umbali huo ulivyopunguzwa, maana wengi huuona mlingoti ulio juu ya ofisi yetu pasipo kujua historia yake.

Kiwanja chetu, kama mjuavyo, kina ofisi, ukumbi wa mikutano, banda la mizani na ghala. Kutoka ofisini hata banda la mizani ni hatua kama 200, na katikati pamesimama mikorosho mikubwa. Hapo kwanza intaneti ilikuwa ofisini tu. Karani wa mizani aliandika kilo katika karatasi, na jioni karatasi zikapelekwa ofisini kunakiliwa. Msimu mmoja mama mmoja alitujia, stakabadhi mkononi, akasema, "Mwanangu, korosho zangu ni kilo 270. Mbona daftari lenu lasema 210?" Tulitafuta siku mbili, tukaona kwamba saba ilisomwa kuwa moja. Hapana aliyeiba. Lakini mama alikuwa amekwisha kulipwa pungufu, na habari ilikwisha kuenea vijijini kwamba makarani wanakula jasho la wakulima. Kilo 60 tulimlipa. Imani haikurudi upesi hivyo.

Shida ya kuunganisha mahali palipotengana si yetu peke yetu. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, kwa uongozi wa Profesa Norman Abramson, kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio, na mtandao huo ukaitwa ALOHAnet. Mwaka 1985 Serikali ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa yatumiwe pasipo leseni. Mwaka 1997 wahandisi walitoa kanuni ya kwanza ya 802.11, ili vifaa vya viwanda mbalimbali vipate kusikilizana. Na mwaka 1999 likaja jina la Wi-Fi. Kwetu Afrika Mashariki, waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa.

Lililotutia moyo kuliko yote ni habari za wilaya ya Osona, katika Catalonia, nchi ya Hispania. Huko mwaka 2004 watu wa mashamba, walipoona kwamba hawapati intaneti ya kutosha, walianza kuweka antena juu ya mapaa yao wenyewe na kuunganisha nyumba kwa nyumba. Mtandao wao, guifi.net, ulikua kwa kila mtu kuongeza kipande chake. Huo ni ushirika, ingawa bidhaa yake haipimwi kwa kilo.

Sisi tulianza kwa kukosea. Tulinunua ripita ndogo tukaiweka ghalani. Ripita hurudia kile inachokisikia, nayo ndani ya mabati ilisikia kidogo mno. Bati huyarudisha mawimbi, na majani mabichi huyapunguza nguvu. Tena ripita ya namna ile hupokea na kutuma kwa zamu, hata kasi hupungua karibu nusu. Ndipo fundi alipotushauri kuweka antena mbili zinazotazamana, moja juu ya ofisi na ya pili juu ya banda la mizani, zote zikiwa juu kuliko mikorosho. Kutoka bandani tulivuta waya hata ndani ya ghala lililo jirani, kwa kuwa waya hupita pale wimbi linaposhindwa. Mlingoti ukapewa waya wa kuipeleka radi ardhini.

Walikuwapo wanachama waliouliza, na kwa haki, kwa nini fedha hiyo isinunue salfa. Tulijibu kwamba salfa huilinda korosho mtini, lakini korosho iliyokwisha pimwa nayo yataka mlinzi. Siku hizi kilo huingia katika daftari la ofisi mwanachama angali amesimama mbele ya mizani, naye husomewa hesabu yake kabla hajaondoka.

Hata hivyo yatupasa kukumbushana. Wimbi hupeleka hesabu ya uongo upesi sawasawa na ya kweli. Kwa hiyo daftari la karatasi bado lipo bandani, na litaendelea kuwapo. Nawe, ndugu mwanachama, usiondoke mizani kabla ya kusomewa. Antena imetuondolea mwendo wa hatua 200. Kazi ya kuangaliana ingali yetu sote.