Kabla ya kamera kulikuwa na daftari: Lubumbashi, filamu za watu weusi na zamu ya Bel-Air

Mwaka 2025 ulikuwa na mambo mawili ya kukumbukwa katika historia ya Lubumbashi, mji wa Katanga huko Kongo, lakini ni moja tu lililovuma. Mwezi Februari, kwenye tamasha la filamu la Rotterdam nchini Uholanzi, dokumentari ya Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, iitwayo "L'arbre de l'authenticité", ilipewa tuzo maalumu ya majaji. Sifa hizo alizistahili. Jambo la pili lilipita kimya: ilitimia miaka 60 tangu watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, kwa mkono wa André Yav, watoe historia ya mji wao kwa Kiswahili, kurasa chache zilizopigwa taipu na kupewa jina la Kifaransa, "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Mambo haya mawili ni ya ukoo mmoja. Anayetaka kujua kwa nini tamasha la dokumentari za watengenezaji filamu weusi lina haki ya kuota mizizi Lubumbashi, na kwa nini lisiishie kwenye kumbi za katikati ya mji bali lifike mitaa kama Bel-Air, katika komini ya Kampemba, aanze kuhesabu kutoka mwaka 1965.

Maandishi ya Yav yangeweza kupotea kabisa kama mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, asingeyachapisha upya mwaka 1990 pamoja na maelezo yake. Waliosimulia humo ni wapishi, wafua nguo na wahudumu wa mezani, watu waliosimama nyuma ya viti vya mabwana wakisikia yote yanayosemwa. Wanaeleza jinsi mji ulivyoanza, jinsi kampuni ya migodi ya Union Minière ilivyokusanya watu kutoka mbali, nani alilipwa nini na nani aliteswa vipi. Kiswahili chao ni kile cha mjini, kinachotiririka kama mazungumzo ya barazani, bila kujali sarufi ya shule. Msomaji aliyezoea vitabu vya historia hatapata huko mpangilio anaoutarajia. Atakachopata ni ushahidi wa watu waliokuwapo, wenye majina, wanaowajibika kwa wanachokisema mbele ya wenzao waliokuwapo pia. Hiyo ndiyo kazi ambayo leo tunaitarajia kutoka kwa filamu nzuri ya hali halisi, na ilifanyika Lubumbashi bila kamera hata moja.

Kazi hiyo ilipata mrithi wake mkubwa miaka michache baadaye. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji wa mjini waliouza picha zao kwa bei ya watu wa kawaida, picha za kutundika sebuleni, zile ambazo watu wa Katanga waliziita za ukumbusho. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya nchi, picha 101, kuanzia enzi za kale, kupitia ukoloni, Lumumba na kujitenga kwa Katanga, hadi utawala wa Mobutu. Kila mara alipoleta picha mpya walikaa chini, kinasa sauti kikiwashwa, wakazijadili moja moja kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo, yaliyotoka kitabuni mwaka 1996, yana mvutano ambao ni muhimu kuliko uzuri wa rangi. Msomi alitaka kujua mchoraji amepata wapi habari zake na kwa nini tarehe fulani haipatani na vitabu. Mchoraji alishikilia kwamba yeye ni mwanahistoria, na kwamba anachora ili watu wafikiri. Hakuomba ruhusa ya kuitwa hivyo. Alijiita, kisha akaweka mezani picha 101 kuwa hoja yake. Mvutano ule haukuwa juu ya tarehe hii au ile. Ulihusu nani ana mamlaka ya kusema yaliyotokea, na katika suala hilo mchoraji hakurudi nyuma.

Chukua mfano mmoja tu, mgomo wa Desemba 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu, shaba ya Katanga ilihitajika mno, na wafanyakazi wa Union Minière wa Élisabethville wakadai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Kampuni haikukosa wapiga picha: migodi, mashine, shule na hospitali zake zilipigwa picha na kusambazwa. Kilio cha uwanjani hakimo katika picha ambazo ilijivunia kuwaonyesha watu. Tshibumba hakuwa hata amezaliwa siku ile, lakini aliichora, kwa sababu mji ulikuwa haujaacha kuisimulia. Atakayesema kwamba huo si ushahidi, kwa kuwa mchoraji hakuona kwa macho yake, anatoa hoja nzito inayohitaji jibu. Jibu ni kwamba lenzi nayo huona kile tu inachoelekezwa. Aliyeshika kamera ya kampuni alielekeza lenzi yake kwingine. Aliyeshika brashi zaidi ya miaka 30 baadaye alibeba kumbukumbu ya mji mzima, akaitia sahihi yake, akakubali kuhojiwa juu yake. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye aliyefanya kazi ya dokumentari.

Sinema yenyewe ilikuwa imefika zamani, lakini kwa masharti. Mwanahistoria Mbelgiji Guido Convents, ambaye kitabu chake cha 2006 kuhusu Wakongo na sinema ndicho kinachosaidia zaidi katika suala hili, anaonyesha jinsi wakoloni walivyojenga imani kwamba Mwafrika hawezi kuielewa filamu ya kawaida na hivyo atengenezewe ya kwake: hadithi fupi na nyepesi, yenye funzo mwishoni. Amri ya 1945 ilimzuia Mkongo kuingia kutazama filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yake. Mwaka 1952 ofisa wa idara ya habari, L. Van Bever, aliandika kijitabu kizima juu ya sinema ya Waafrika. Wamisionari nao walikuwa na vyombo vyao; Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyopendwa sana. Wakati wa maonyesho alikuwapo mtu mwenye kipaza sauti aliyewaeleza watazamaji kwa lugha yao wanachokiona. Na mwaka 1955, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipoizuru koloni, André Cauvin alitengeneza "Bwana Kitoko", filamu ambayo Mkongo anaonekana ndani yake kwa wingi, akishangilia. Wachache walipenya upande wa pili wa kamera: Albert Mongita kwa "La leçon de cinéma" ya 1951, na Emmanuel Lubalu miaka miwili baadaye, wote Léopoldville, Kinshasa ya leo. Katanga ilibaki mahali pa kupigwa picha.

Uhuru haukuligeuza jambo hilo kwa siku moja. Enzi ya Mobutu televisheni ilikuwa mikononi mwa watu weusi tupu, na kila jioni sura ya rais ilishuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu ni onyo kwa wanaodhani kwamba rangi ya mshika kamera inatosha. Haitoshi. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, aliyetengeneza "Kin Kiesse" mwaka 1982, alionyesha njia nyingine: kuutazama mji kwa mapenzi bila kumwabudu mtu. Lakini fedha zilikuwa haba, kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine nchini kote, na waliotaka kutengeneza filamu wengi wakaishia Ulaya.

Mambo yalianza kubadilika upande wa mashariki. Petna Ndaliko Katondolo, aliyeanzisha Yole!Africa mjini Kampala mwaka 2000 kisha akaihamishia nyumbani Goma, alizaa huko tamasha la filamu la Salaam Kivu, katikati ya mji uliozungukwa na vita. Lubumbashi, mwaka 2008, Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha jumuiya ya Picha na mikutano ya picha na video iliyokua ikawa Biennale ya Lubumbashi. Ya 2010 ilisimamiwa na Simon Njami, ya 2013 na Elvira Dyangani Ose, na zimefuata nyingine. Kazi iliyomtambulisha Baloji ni "Mémoire", ya 2006. Humo amewakata watu kutoka picha za kumbukumbu za kikoloni, za nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mbele ya majengo ya leo ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, yenye rangi na kutu. Wafungwa waliofungwa minyororo shingoni wamesimama kwenye uwanja mtupu wa kiwanda, wanamtazama mpiga picha aliyekwisha kufa, na nyuma yao paa limeporomoka. Hakuna maelezo yanayohitajika kwa mtu wa Lubumbashi: babu yumo upande mmoja wa picha, na baba aliyeachishwa kazi bila kulipwa haki zake zote yumo upande wa pili.

Kuna wanaouliza kwa nini tamasha liwe la watu weusi, ilhali filamu nzuri haina rangi. Wanataja, na wana haki kutaja, kazi ya Mbelgiji Thierry Michel, ambaye "Katanga Business" yake ya 2009 iliingia kwenye migodi na ofisi ambazo waandishi wengi hawakuthubutu kuzikaribia, na ambaye mwaka 2012 alifukuzwa Kinshasa kwa sababu ya filamu yake juu ya mauaji ya mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya. Hakuna sababu ya kumdharau mtu wa namna hiyo. Lakini tamasha la watu weusi halimfungii mlango. Yeye ana milango mingi iliyo wazi. Linampa nafasi Dieudo Hamadi wa Kisangani, ambaye katika "En route pour le milliard" ya 2020 alipanda boti pamoja na majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini Kisangani, watu waliokatwa miguu na mikono, wakiteremka mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Filamu hiyo iliteuliwa Cannes. Anaposafiri nao, Hamadi ni mtu wa mji uleule uliopigwa mabomu, na majeruhi wanazungumza naye hivyo. Tofauti hiyo inaonekana kwenye filamu. Zaidi ya hayo liko suala la hifadhi: picha 101 za Tshibumba ziko Amsterdam, nyaraka nyingi za Union Minière ziko Brussels, filamu nyingi za wamisionari ziko Ubelgiji. Mtoto wa Kampemba anayetaka kuona historia ya mtaa wake anahitaji viza.

Ndiyo maana makao ya tamasha yana uzito. Sehemu kubwa ya kazi za Biennale imeonyeshwa kwenye makumbusho, kituo cha utamaduni cha Kifaransa na taasisi za mjini, mahali penye umeme, walinzi na wageni. Bel-Air, ya kwanza na ya pili, ina watu. Watasema wengine kwamba watu hao wanahitaji maji na umeme kwanza, na kwamba filamu ni anasa ya walioshiba. Maji na umeme ni haki yao, na hakuna tamasha linaloweza kuwa kisingizio cha kuwanyima. Lakini Union Minière, kampuni iliyohesabu kila gunia la unga, haikuiona sinema kuwa anasa. Iliwaonyesha wafanyakazi wake filamu kambini kwa sababu ilijua picha hujenga fikra za mtu kuhusu nafsi yake na bwana wake. Kama ilifaa kugharamiwa kwa lengo lile, inafaa kugharamiwa kwa lengo hili. Na anayesema kwamba kila mtu sasa ana simu hajajaribu kuitafuta filamu ya Hamadi kwa vifurushi vya mtu anayeuza mkaa. Zilizo nyingi kati ya filamu hizi zimefungwa kwenye mikataba ya televisheni za Ulaya. Hata ikipatikana, mtu anayeitazama peke yake kwenye kioo kidogo hana wa kubishana naye, na Yav na Tshibumba walifanya kazi yao mbele ya watu wanaobisha.

"L'arbre de l'authenticité" ni kipimo kizuri cha nia ya kuzifikisha filamu mtaani. Inahusu Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kando ya Mto Kongo, na inasimuliwa kwa sauti tatu: ya Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji mwanzoni mwa karne iliyopita na kuwa moja ya sauti za mwanzo zilizodai haki za Wakongo, ya mtaalamu Mbelgiji Abiron Beirnaert, na ya mti ulioipa filamu jina lake. Sauti hizo hazisemi Kiswahili, na maandishi ya tafsiri hayasomeki kwa urahisi kwenye shuka lililotundikwa uani. Kuileta Bel-Air kunahitaji projekta, jenereta, kibali cha ofisi ya komini, na msimulizi mwenye kipaza sauti anayekijua Kiswahili cha mtaa. Wamisionari walikuwa na mtu huyo, na walimpa maneno ya kusema. Safari hii apewe filamu aitazame siku kadhaa kabla, aandae maneno yake mwenyewe, na baada ya onyesho kipaza sauti kipite kwa watazamaji, huku mtu akirekodi wanachosema.